Barabara ya Jinja, Aprili 1979

Waganda walipowaita askari wa Tanzania *bakombozi*, walilichukua neno la Kiswahili pamoja na maana yake, na ndiyo sababu sioni haja ya kurudia ubishi wa kama Kampala ilikombolewa au ilivamiwa tarehe 11 Aprili 1979, jeshi la Tanzania lilipoitwaa kutoka kwa serikali ya Idi Amin. Milango ya vyumba vya mateso vya idara ya usalama ya Amin pale Nakasero, Kampala, ilipofunguliwa na maiti zikaonekana, ubishi huo ulikwisha.

Linalostahili kupimwa ni uamuzi mmoja wa kivita usiotajwa mara kwa mara. Majeshi yaliyoukaribia mji kutoka Entebbe na kutoka magharibi yaliiacha wazi barabara ya mashariki, ile ya Jinja, kwa kuwa Mwalimu Nyerere alitaka askari wa Libya, waliotumwa na Gaddafi kumsaidia Idi Amin, wapate njia ya kuondoka.

Faida ilionekana palepale. Wakazi waliokuwa wakijibanza chini ya vitanda kila *saba saba* ilipolia, yaani yale makombora yaliyofyatuliwa kwa mfululizo, waliepushwa na mapigano ya nyumba kwa nyumba, na mji ukatwaliwa ukiwa bado umesimama. Anayetaka kuijua tofauti na aukumbuke mji wa Masaka, kusini mwa Uganda, ambao majengo yake yalilipuliwa kulipiza yale ambayo jeshi la Amin lilifanya Kagera mwaka 1978.

Lakini njia waliyoachiwa Walibya ilipitiwa pia na jeshi la Amin, na Amin mwenyewe. Askari hao walikimbilia mashariki na kaskazini wakiwa na bunduki zao, bila mkubwa wa kuwazuia, wakapora na kuua raia njiani, na vita vikaendelea hadi tarehe 3 Juni. Kwa familia za huko, kukombolewa kwa Kampala kulimaanisha kwamba hatari imehamia mlangoni kwao.

Nikizipima pande zote mbili, nauunga mkono uamuzi wa kuiacha barabara wazi; ninachoshindwa kukitetea ni siku 11 zilizofuata. Kutoka Kampala hadi Jinja ni kilomita 80 hivi, na bado Jinja haikutwaliwa hadi tarehe 22 Aprili. Najua utetezi unaotolewa: wengi wa askari walikuwa wametembea kwa miguu tangu mpakani, na Kampala yenyewe, isiyo na polisi, ilikuwa ikiporwa na wakazi wake, watu wakipita na viti vya ofisi vichwani mchana kweupe. Ni kweli pia kwamba bwawa la umeme la Owen Falls, pale Jinja, lilipatikana likiwa zima, jambo ambalo huenda lisingewezekana kama jeshi lililobanwa lingepigania kila daraja. Hata hivyo, wanasiasa wetu waliokutana Moshi, Tanzania, mwezi Machi na kumchagua Yusuf Lule awe kiongozi wa serikali mpya walishughulika mno na nani atashika cheo gani, hata nani atawalinda watu wa Iganga na Tororo, mashariki mwa Jinja, katika wiki ile ya kwanza likawa swali lisilo na mwenyewe.