Ndege wa Kupro: pesa za machipuko, ulimbo wa vuli

Tulipokuwa wadogo tulijua kutengeneza ulimbo. Unachanja mfenesi, unakusanya utomvu, unauchemsha kwenye kopo na mafuta kidogo, kisha unapaka vijiti na kuvipachika pale ndege wanapopenda kutua. Jioni tulirudi na chiriku wawili watatu, siku nyingine na vidole vilivyogandana tu. Hakuna mtu mzima aliyetukemea. Nalisema hili mapema kwa sababu habari za ulimbo wa Kupro husimuliwa zaidi na watu ambao hawajawahi kuushika, na nadhani inaonekana katika namna wanavyosimulia.

Kupro, au Cyprus kama magazeti mengi yanavyoiandika, ni kisiwa cha kilomita za mraba 9,251 mashariki mwa Bahari ya Kati. Uturuki iko kaskazini yake, umbali wa kilomita 70 hivi, Syria iko mashariki, na kusini ni maji matupu hadi Misri. Ndege aliyevuka Sahara na kisha bahari hana mahali pengine pa kupumzika. Ndiyo maana zaidi ya spishi 400 zimeandikwa kuonekana huko, nyingi zikiwa za wapita njia. Na ndiyo maana wakaaji wa kisiwa walijifunza zamani kungojea chakula kidondoke kutoka angani.

Ulimbo wao hutokana na tunda la mti uitwao kitaalamu Cordia myxa, ambalo ndani lina ute kama kamasi. Huchemshwa, vijiti vikachovywa na kuachwa vikauke kidogo, kisha vikapachikwa mitini. Anayetafutwa hasa ni ndege mdogo wa kijivu, dume ana kofia nyeusi na jike ya hudhurungi. Nitamwita kofia-nyeusi, maana katika Kiswahili cha kila siku yeye na wenzake wote ni “vile videge”. Akishanyonyolewa na kupikwa mzima huitwa ambelopoulia, yaani ndege wa mizabibu. Katika karne ya 16 wasafiri waliandika kwamba ndege hawa walitiwa katika mitungi ya siki na kupelekwa Venice. Kwa mkulima maskini wa Kupro ilikuwa nyama pekee aliyoweza kuipata bila kuchinja kuku wake.

Tangu 1974 ni marufuku. Ulimbo haukuisha kwa hilo, ila uliacha kuwa kitoweo cha maskini. Ukaja wavu mwembamba usioonekana, ikaja mashine inayopiga sauti ya kofia-nyeusi usiku kucha ili wanaopita juu washuke, na sahani ya ndege dazeni moja ikauzwa kwa siri mikahawani kwa yuro 40 hadi 80. Katikati ya muongo uliopita shirika la BirdLife Cyprus lilikadiria kwamba ndege zaidi ya milioni 2 walikuwa wakinaswa kwa mwaka. Hiyo si njaa tena.

Katika kisiwa hichohicho, kila mwaka kuanzia katikati ya Machi hadi mapema Mei, huteremka watazamaji wa ndege, darubini shingoni. Wengi ni Waingereza. Hufikia Paphos, wakaamka kabla ya jua, wakaenda kwenye rasi yenye magofu ya kale na mnara wa taa, kwa kuwa hapo ndipo ndege waliochoka hutua kwanza. Kisha bwawa la Asprokremmos, kisha ziwa la chumvi la Akrotiri. Wakibahatika, mvua na upepo wa mbele huwashusha wahamaji kwa mamia, na kila kichaka kikawa kinatikisika. Huwatafuta pia ndege wawili wasiozaliana mahali pengine popote duniani ila hapo, mmoja akiwa yule mweusi na mweupe wa majabalini anayetoka Sudan na Ethiopia kila Machi kuja kujenga kiota.

Wengine huanzia Larnaca, ambako ziwa la chumvi liko kando kabisa ya uwanja wa ndege. Ukingoni mwake, katikati ya mitende, upo msikiti wa Hala Sultan na kaburi linalosemwa kuwa la Umm Haram, sahaba aliyeanguka kutoka kwa nyumbu wake katika msafara wa Muawiya, mtawala Mwislamu wa Syria, karne ya 7. Mahujaji husoma dua, na mita chache kutoka hapo mtu amesimamisha darubini ya miguu mitatu akihesabu flamingo. Sijui sehemu nyingine ambapo shughuli hizi mbili zinakaa pamoja bila kugombana.

Sasa hoja yenyewe. Watetezi wa safari hizi husema kwamba mtazamaji huleta pesa, na pesa humfanya ndege hai awe na bei kubwa kuliko ndege wa sahani. Kuna ukweli ndani yake. Machi na Aprili si msimu mkuu wa fukwe za Kupro, kwa hiyo hoteli, magari ya kukodi na waongozaji hupata riziki wakati ambapo vyumba vingi vingekaa vitupu. Na mtazamaji ni mgeni mwenye uhitaji mdogo: kitanda, kahawa ya alfajiri, gari dogo. Hahitaji uwanja wa gofu unaonyonya maji ya kisiwa chenye ukame. Katika kijiji cha Akrotiri kuna kituo cha elimu ya mazingira ambako watoto wa shule hufundishwa kuhusu ziwa lililo mlangoni mwao, na mtoto aliyeona wageni wakivuka Ulaya nzima kuja kutazama ndege wa kijijini kwake hawezi tena kuamini kwamba ndege hao si kitu.

Hoja hii ningeikubali yote kama si mambo mawili, kalenda na ramani.

Tuanze na kalenda. Utegaji hufanyika pia wakati wa machipuko na wakati wa baridi, lakini kilele chake ni Septemba na Oktoba, ndege wanaporudi Afrika wakiwa wanono, pamoja na watoto wao waliozaliwa mwaka huohuo. Mtazamaji huja machipuko kwa sababu inayoeleweka: madume wamevaa manyoya ya harusi, wanaimba, wanatambulika kwa jicho moja. Vuli ndege wamechakaa, wamenyamaza, na kinda wa spishi moja anafanana na kinda wa nyingine hadi wataalamu wagombane. Basi pesa huja Aprili, nyavu husimamishwa Septemba. Mwenye wavu hakabiliwi na uchaguzi wowote kati ya mgeni na sahani, maana wavu unapotundikwa mgeni ameshaondoka miezi mitano iliyopita.

Ramani nayo inasema jambo lilelile. Paphos iko magharibi, na ngome ya utegaji iko kusini-mashariki, kuanzia upande wa Paralimni hadi rasi ya Pyla. Ni kweli wapo wanaofika Cape Greco, ambayo ni mashariki, wakatembea asubuhi moja na kuondoka. Lakini hoteli inayolipwa iko Paphos na mwongozaji anayelipwa anaishi Paphos. Mtu wa mashariki aliyekuwa akipata maelfu ya yuro kwa msimu mmoja wa nyavu hajaona hata senti ya mtazamaji. Kumwambia kwamba utalii wa ndege unainufaisha Kupro ni kama kumwambia mvuvi wa Pate kwamba hoteli za Diani zimejaa.

Mwaka 2020 ulitoa kipimo kizuri cha nguvu ya pesa hizi. Desemba ile bunge la Kupro lililegeza adhabu: atakayekutwa na ndege hadi 50 wa spishi 14 zilizotajwa, kofia-nyeusi akiwamo, faini yake iwe yuro 200. Ukirudi kwenye bei ya sahani utaona kwamba ndege hamsini hao huweza kuilipa faini hiyo wenyewe. Nchi iliyo ndani ya Umoja wa Ulaya tangu 2004, inayofungwa na sheria ya Ulaya ya kulinda ndege, ilifanya hivyo baada ya miaka mingi ya kupokea watazamaji. Kura za wawindaji zilikuwa nzito kuliko mikoba ya wageni.

Hata hivyo utegaji umepungua, na umepungua sana. Sababu yake ndiyo iliyonifanya nisiishie kwenye kejeli. Rasi ya Pyla imo ndani ya kambi ya kijeshi ya Dhekelia, mojawapo ya maeneo mawili ambayo Uingereza ilibaki nayo Kupro ilipopata uhuru 1960. Watu walikuwa wamepanda humo misitu ya mikakaya ya Australia na kuitandikia mabomba ya maji, si kwa ajili ya kivuli bali kuwavuta ndege kwenye nyavu. Yaani kwa miaka mingi mahali palipokuwa pabaya kuliko pote palikuwa ardhi ya Mwingereza. Mtazamaji wa London alipolijua hilo, alikuwa na mbunge wa kumwandikia. Chama cha kulinda ndege cha Uingereza, RSPB, kikapiga kelele mwaka hadi mwaka. Kuanzia 2014 wanajeshi walianza kung'oa ile mikakaya, polisi wa kambi wakaweka kamera za usiku na ndege zisizo na rubani, na katika miaka iliyofuata idadi ya wanaonaswa ndani ya kambi iliporomoka.

Kwa hiyo mtazamaji alisaidia, ila si kwa njia anayojisifia. Alilipa hoteli, na hoteli haikuzuia wavu hata mmoja. Kilichozuia nyavu ni aibu aliyorudi nayo nyumbani kwake. Ningependa waongozaji wa safari hizi waliseme hilo wazi, badala ya kurudia wimbo wa “kila usiku unaolala hapa unaokoa ndege”.

Aibu hiyo nayo ina upande wake mchungu. Mwaka 2016 wanakijiji waliziba njia ili wanajeshi wasiendelee kung'oa miti. Ni rahisi kuwaita majangili wanaolinda biashara yao, na bila shaka wapo waliokuwa hivyo. Lakini jaribu kuisikia sauti hiyo kwa sikio la mtu ambaye babu yake alipigana na Waingereza kati ya 1955 na 1959: askari yuleyule, kwenye ardhi ileile ambayo hakuiachia, anakuja kukuambia usile alichokula bibi yako. Sisi tuliozaliwa karibu na mbuga tunaijua sauti hiyo. Mzungu akiua mnyama ni mwindaji, mwenyeji akiua ni jangili, na mpaka kati ya maneno hayo mawili haukuchorwa na mwenyeji. Hilo halimpi mtu ruhusa ya kutega nyavu, lakini linaeleza kwa nini mahubiri ya mgeni huingia sikio hili na kutokea lile.

Wako pia wanaopinga safari hizi kwa moshi wa ndege za abiria: mtu anaruka kwa muda wa saa nne na nusu kumtazama kiumbe ambaye joto la dunia linamvurugia ratiba. Ni hoja ya kweli, ila inaihusu kila safari ya likizo, na mwenye darubini hana dhambi kubwa kuliko mwenye taulo la ufukweni.

Linalowezekana tumeliona karibu na kwetu. Kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, wageni hulipa kiingilio kutembea kwenye daraja la mbao juu ya mikoko ya hori ya Mida, karibu na mji wa Watamu, na fedha zinasaidia kulipa karo ya sekondari ya watoto wa vijiji vinavyopakana na msitu. Ni mradi mdogo na haujamaliza ukataji wa miti. Lakini anayelipwa ndiye jirani wa ndege. Kupro ina hoteli nzuri kuliko Watamu na barabara nzuri mara kumi, ila kiungo hicho kimoja hakipo.

Kofia-nyeusi nao wanatuhusu. Wale wa mashariki mwa Ulaya huja kukaa huku wakati kwao kuna theluji, kwenye bustani za Nairobi, misitu ya Aberdare na miteremko ya Kilimanjaro. Machi, mvua za masika zinapokaribia, hula matunda hadi wanenepe, kisha usiku mmoja huondoka. Anayefika Ulaya ameshaponea vuli, baridi na jangwa mara mbili, na ndiye atakayetaga. Kumuua wakati huo ni hasara kubwa zaidi kuliko kumuua kinda wa Oktoba ambaye pengine asingeuona mwaka mpya. Hapo mtazamaji wa Aprili ana haki ya kujitetea: macho yake yapo wakati kila ndege mmoja ana thamani kubwa kuliko wakati mwingine wowote.

Lakini mimi nikipewa tiketi moja ya Kupro, ningeipanga Oktoba. Nisingelala Paphos. Ningetafuta chumba kwa mama mwenye nyumba huko upande wa Paralimni, nikamlipa kwa wiki mbili, nikatoka alfajiri kuwatazama ndege waliochakaa wasiotambulika, na jioni nikamweleza kwa Kiingereza changu kibovu jinsi mfenesi unavyochanjwa.