Ile asilimia 20 tunayoiruka

Utabiri wa msimu ukitoka, wengi wetu tunaokota maneno matatu tu: "juu ya wastani". Basi, vichwani mwetu mvua imeshanyesha. Ikija kukauka, watabiri ni waongo.

Nami nimo. Kuna msimu nilisoma maneno hayohayo nikapanda shamba zima mbegu ya muda mrefu. Mvua ilikata mimea ikiwa ndiyo kwanza inatoa maua. Nilipourudia ule utabiri, nikakuta umeandikwa uwezekano kwa asilimia: juu ya wastani 45, wastani 35, chini ya wastani 20. Sikuwa nimedanganywa.

Makundi hayo matatu hutokana na misimu ya miaka 30 iliyopita, siku hizi mara nyingi 1991 hadi 2020, iliyopangwa kuanzia mkavu zaidi hadi wenye mvua nyingi zaidi, kisha ikakatwa mafungu matatu sawa. Kama hujui lolote, kila fungu ni asilimia 33. Kwa hiyo 45 ni mizani iliyoinama kidogo, na 20 ni msimu mmoja katika mitano. Gari linalokatika breki safari moja katika kila tano, nani angelipanda?

Na usikariri ishara moja. El Niño, yaani Bahari ya Pasifiki kupata joto kuliko kawaida, ilikuwa kali 1997 na iliandamana na mafuriko makubwa Afrika Mashariki. Ya 2015 nayo ilikuwa kali, lakini mvua hazikufikia zile. Kisha 2019, bila El Niño ya maana, magharibi mwa Bahari ya Hindi kukapata joto kuliko mashariki yake, na mafuriko yakaja.

Kwangu mimi swali la "itanyesha au haitanyesha?" halina faida. Nauliza: kujikinga kutanigharimu kiasi gani, na nisipojikinga nitapoteza kiasi gani? Hasara ikiwa mara kumi ya kinga, uwezekano ukipita asilimia 10 najikinga. Kwa hesabu hiyo, ile 20 niliyoiruka ilikuwa kubwa mno.

Utabiri huo pia hutaja jumla ya mvua, si mpangilio wake. Jumla inaweza kutimia kwa wiki mbili za gharika, katikati jua likaunguza miche. Hapo nategemea utabiri wa siku kumi.

Sasa robo ya shamba hupata mbegu ya muda mfupi, hata ramani ya utabiri iwe kijani tupu, yaani mvua nyingi kila mahali.