Obama na McCain 2008: tukiweka undugu pembeni

Uchaguzi wa urais wa Marekani wa 2008, Barack Obama wa Democrat dhidi ya John McCain wa Republican, huku kwetu haukuwa na mjadala, ukimtetea McCain kijiweni unaulizwa umelipwa shingapi. Kenya ndo usiseme kabisa, bia ya Senator watu walikuwa washaibatiza Obama, na jamaa aliposhinda Novemba 4 Rais Kibaki akatangaza tarehe 6 iwe sikukuu, watu wakae nyumbani washerehekee. Baba yake Obama alikuwa Mkenya, kazikwa Kogelo kule Siaya, sasa hapo utaongea sera na nani?

Mi naona undugu ulitunyima utamu wa ule uchaguzi, maana ukiwaweka wale wawili kwenye mzani bila kuangalia damu, haikuwa rahisi hivyo. Alafu tusisahau, mwezi wa pili mwaka huohuo Bush alitua Dar, akasaini na Kikwete mkataba wa msaada wa Milenia wa dola milioni 698, na ule mpango wa dawa za ukimwi wa PEPFAR ni yeye Bush aliuanzisha 2003. Huyo ni Republican, chama kilekile cha McCain. Kwahiyo hoja ya kwamba eti Afrika ilikuwa inamhitaji Obama, kimaslahi haikuwa na miguu.

Tuanze na uzoefu, maana ndo ilikuwa silaha kubwa ya McCain. Mzee kaingia seneti 1987, na kabla ya hapo alikuwa rubani wa jeshi la majini, ndege yake ikatunguliwa Hanoi 1967 akakaa mateka miaka mitano na nusu. Waliomshika walipogundua baba yake ni admirali wakataka kumwachia mapema, akagoma, akasema waliotekwa kabla yake watoke kwanza. Yaani huyo mtu huwezi kumwambia hajui uzalendo. Obama upande wake alikuwa ana miaka minne tu seneti, na miwili ya hiyo alikuwa barabarani anapiga kampeni. Kwenye karatasi hapo hamna mechi.

Ila sasa McCain mwenyewe akaja kuivunja hoja yake, mwisho wa Agosti akamchagua Sarah Palin awe mgombea mwenza, gavana wa Alaska ambaye hata miaka miwili ofisini hakuwa nayo, na McCain ana miaka 72. Utawaambiaje watu kwamba mwenzako hana uzoefu wakati nyuma yako umemweka mtu mgeni kuliko yeye? Palin aliwachangamsha wale wa mrengo wa kulia kweli, na mwanzoni mwa Septemba kura za maoni zilimwonyesha McCain kapita kidogo, watu wengi huku hawaikumbuki hiyo. Lakini waliokuwa katikati wakaanza kukuna kichwa. Oktoba 19 Colin Powell, waziri wa zamani wa mambo ya nje wa Bush, Republican na mwanajeshi kabisa, akatoka hadharani kumuunga mkono Obama, na ishu ya Palin aliitaja.

Iraq ndo pananipa shida zaidi, kwasababu pale wote wawili walikuwa sahihi nusunusu. Obama aliipinga vita Oktoba 2002, wakati wanasiasa wakubwa wa chama chake mwenyewe wanaogopa kuonekana waoga, na hiyo pointi huwezi kumnyang'anya. McCain aliiunga mkono toka mwanzo. Lakini 2007 Bush alipoamua kuongeza askari zaidi ya 20,000, McCain alisimama na huo mpango wakati hakuna aliyeutaka, Obama akaupinga, na mauaji yakapungua kweli, mpaka Obama mwenyewe Septemba 2008 akakubali kwamba matokeo yalizidi matarajio. Kwahiyo unampima mtu kwa kuingia vitani au kwa namna ya kutoka? Mi nampa Obama kwa hilo la kuingia, maana Marekani isingeingia hata hilo swali la pili lisingekuwepo, ila simcheki anayempa McCain.

Kwenye hela Obama hakuwa malaika. Alikuwa kaonyesha atatumia fedha za umma za kampeni, zile zenye kikomo, alafu Juni akageuka alipoona michango ya mtandaoni inamiminika. McCain akabaki na dola milioni 84 za serikali, mwenzake Septemba peke yake kakusanya zaidi ya milioni 150. Hiyo ilikuwa ahadi imevunjwa, tusiipambe. Bima ya afya nitapita haraka, McCain alitaka kila familia ipewe nafuu ya kodi ya dola 5,000 ikajinunulie bima badala ya kutegemea ya mwajiri, wazo lenye mantiki sababu ukifukuzwa kazi bima inabaki, tatizo bima ya familia kipindi kile ilikuwa kama dola 12,000 na kitu. Hiyo tofauti nani anailipa?

Ila kwangu mimi yote hayo yangeweza kwenda huku au kule, kilichoamua ni siku kumi na kitu za Septemba. Tarehe 15 benki kubwa ya uwekezaji ya Lehman Brothers ikaanguka, na siku hiyohiyo McCain akasema misingi ya uchumi ni imara. Tarehe 24 akatangaza anasimamisha kampeni aende Washington kuokoa mambo na akataka mdahalo uahirishwe, kesho yake kwenye kikao cha Ikulu akakaa karibu muda wote bila kusema kitu cha maana, keshokutwa yake akaenda kwenye mdahalo Mississippi uleule aliotaka uahirishwe. Tarehe 29 bunge likaukataa mpango wa dola bilioni 700 wa kuyaokoa mabenki, wabunge wa chama chake wengi wakiwa ndo waliokataa, soko la hisa likadondoka pointi 777. Obama muda wote huo hakufanya maajabu yoyote, alikaa tu mtulivu, akawasikiliza wachumi, akaunga mkono mpango. Na kweli mtu aliyeuza sera ya uzoefu ndo alionekana kuyumba, kijana akaonekana mtu mzima.

Kwahiyo ningekuwa na kadi ya kupigia kura kule Ohio ningempa Obama, sio kwa Kogelo ila kwa Septemba. Na bado ningeitia roho ikiniuma kidogo, sababu ya kitu kimoja: Oktoba 10 Minnesota mama mmoja alishika maiki akamwambia McCain hamwamini Obama, ni Mwarabu. McCain akamnyang'anya maiki palepale, akasema hapana mama, ni mtu muungwana mwenye familia yake, tumetofautiana tu kwenye mambo ya msingi. Zimebaki wiki tatu na kitu, anashindwa, na ule umati wa kwake ulishamzomea dakika chache nyuma kwa kumtetea huyohuyo.