Nusu saa iliyotugharimu mwaka mzima

Mwaka wangu wa pili hapa Japani, asubuhi moja ya Septemba, bosi aliniita mezani kwake. Hakufoka. Huku hawafoki, na hilo ndilo linalotisha. Alinisogezea bili ya umeme ya jengo tunalolihudumia, akaweka kidole kwenye tarakimu moja: 214. Bili ya mwezi uliotangulia, pale pale, ilikuwa na 172. Akanyamaza, akasubiri niseme kitu.

Mimi ni fundi wa viyoyozi. Nilifanya kazi hiyo miaka sita nyumbani Tanzania kabla ya kuja huku, na ndiyo ninayoifanya mpaka leo. Wenzangu wakilinganisha ughaibuni na nyumbani husimulia treni na barabara. Mimi nalinganisha kwa bili ya umeme, maana hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo miaka yote sita lilikuwa chini ya pua yangu na sikulijua.

Ile 214 ilikuwa kilowati. Wengi wetu tumekua na Luku: unanunua uniti, unazitumia, zikiisha unanunua nyingine. Kwa hiyo vichwani mwetu kubana umeme ni kubana uniti, basi. Lakini jengo kubwa hulipia vitu viwili. Linalipia uniti, na linalipia kilele, yaani ule wakati lilipovuta umeme kwa nguvu kuliko wakati mwingine wowote. Wajapani wanakiita demando. Mita hukata siku vipande vya nusu saa na kuhesabu wastani wa kila kipande. Uniti moja ni kilowati moja iliyotumika saa nzima, kwa hiyo ukitumia uniti 100 ndani ya nusu saa, demando yako ni kilowati 200. Nusu saa iliyozipita zote ndiyo inayopanga gharama yako ya msingi. Na kwa majengo ya ukubwa wa lile letu, yaliyo chini ya kilowati 500, nusu saa hiyo haifutiki mwezi ukiisha. Inakuandama mwezi huo na mingine 11 inayofuata, labda itokee nyingine kubwa zaidi, na hapo ndipo umezidi kuharibu.

Kosa langu la nusu saa moja ya Agosti, kwa hiyo, lilikuwa linaendelea kulipiwa hadi Julai.

Lilitokea hivi. Katikati ya Agosti ofisi nyingi za huku hufungwa siku kadhaa. Jengo letu la ghorofa nne lilikaa siku tano madirisha yamefungwa, viyoyozi vimezimwa, jua la Saitama likipiga zege kutwa. (Msinicheke Mtanzania nikilalamikia joto la Japani. Ni mkoa huu huu ambao mji wake wa Kumagaya ulifika nyuzi 41.1 tarehe 23 Julai 2018.) Ratiba nilikuwa nimeiseti mimi mwenyewe: viyoyozi vyote viwake saa mbili kamili asubuhi, wafanyakazi waingie saa mbili na nusu wakute kumepoa. Mashine tisa za nje ziliwaka kwa mpigo, zikakuta kuta zimeshiba joto la siku tano. Zote ni za inveta, na inveta hulegeza mwendo chumba kinapokaribia ubaridi uliouseti. Siku ile hakuna chumba kilichokaribia. Saa mbili na nusu watu wakaingia: lifti, kompyuta, taa, mashine za kutolea nakala. Nusu saa ile ikafungwa na 214.

Na tulikuwa na kidhibiti cha demando, kizima kabisa, kimefungwa ukutani kwa pesa nyingi. Kilikuwa kimelala. Nilikipangia kianze kazi saa nne asubuhi, kwa sababu nilidhani kilele ni cha mchana, jua likiwa utosini.

Nieleze kidogo kinavyofanya kazi, maana ni kifaa chenye akili kuliko kinavyosifiwa. Kinapokea mapigo kutoka kwenye mita, na kila baada ya muda mfupi kinapiga hesabu: tukienda hivi, nusu saa hii itaishia wapi? Tuseme kikomo ni kilowati 180, ambazo ni uniti 90 kwa nusu saa. Dakika 15 zimepita na mmeshakula uniti 52. Zimebaki 38, na kwa mwendo ule mtahitaji 52 nyingine. Hapo kinaanza kubana. Kwanza kinashusha kompresa za mashine chache hadi asilimia 70 ya nguvu zake. Isipotosha, asilimia 40. Mwisho kabisa kinasimamisha kompresa za kundi moja huku feni za ndani zikiendelea kupuliza, na hapo ndipo penye ujanja: mtu anasikia upepo shingoni, wala hajui kwamba kompresa imelala dakika saba zilizopita. Kabla hajaanza kutokwa jasho, zamu imehamia kundi jingine.

Niliyojifunza baada ya kuungua ni mengi, lakini mawili nayakumbuka kila nikifungua paneli. Dakika kama 10 za mwanzo wa kila nusu saa usikiruhusu kidhibiti kikate kitu, maana uniti bado ni chache na makadirio yanarukaruka. Lifti ikipanda mara mbili tu, mashine inadhani dunia inaungua. La pili ni la mwisho wa nusu saa. Mita inapoanza kipande kipya, kidhibiti kinataka kuziachia mashine zote pamoja, nazo zina kiu ya dakika kumi na kitu. Zikiruka zote kwa mkupuo umeharibu nusu saa inayofuata tangu dakika ya kwanza. Ziachie moja moja.

Na kikomo chenyewe usikitoe kichwani. Kwanza nilikuwa nakishusha chini ili nimfurahishe bosi, na simu zilikuwa haziishi: chumba cha mkutano kinachemka, mapokezi wanajipepea kwa mafaili. Sasa navuta rekodi za mwaka mzima, natafuta zile nusu saa kama kumi zilizochomoza, kisha naweka kikomo chini kidogo ya hizo. Mwaka una nusu saa 17,520. Zinazokuumiza unaweza kuzihesabu kwa vidole. Chumba cha seva nakitoa kabisa kwenye orodha ya kubanwa, chumba cha mikutano nakiweka cha kwanza kukatwa, na ghorofa ya juu, iliyo chini ya paa, naiwasha saa moja kasoro asubuhi peke yake, zingine zikifuata kwa kupishana robo saa au zaidi. Kidhibiti kinakesha saa 24.

Msidhani nawasifia tu wenyeji wangu. Wana ugonjwa mmoja: nyuzi 28. Tangu kampeni yao ya Cool Biz ya mwaka 2005, ile iliyowavua wanaume tai, namba hiyo imekuwa kama amri iliyoshuka mlimani. Mwaka 2017 mmoja wa waliokuwa wakiisimamia kampeni hiyo serikalini alikiri kwamba waliichagua bila msingi wa kisayansi. Bado ninaingia maofisini nakuta rimoti zimefungwa zisishuke chini ya 28, na watu wamejaza feni ndogo mezani, kila moja inakula umeme wake. Tena wanachanganya mambo. Lengo la kampeni lilikuwa joto la chumba, wao wanaliandika kwenye rimoti. Kiyoyozi cha dari kinapima hewa inayorudi juu kule, si hewa ya mtu aliyekaa dirishani jua linamchoma begani. Mara nyingi kazi yangu yote ni kubadilisha mpangilio mmoja tu, kiyoyozi kisome sensa iliyo kwenye rimoti ya ukutani badala ya ile ya darini, na malalamiko yanapungua wiki hiyo hiyo.

Lakini kuna kitu wanacho. Wenzangu wa kazi wananisimulia kiangazi cha 2011, baada ya tetemeko la Machi na mitambo ya nyuklia kusimama. Serikali iliwaamuru watumiaji wakubwa wa Tokyo na Tohoku, wa kilowati 500 na kuendelea, wapunguze kilele kwa asilimia 15. Fundi mmoja, mtu mzima kwangu, anasema kiangazi kile ndipo makatibu muhtasi walipojua demando ni nini. Waliiona kwenye skrini ya mapokezi, namba inapanda, mtu anainuka mwenyewe kwenda kuzima taa.

Nyumbani sasa. Nyumbani nako kilele kinalipiwa, na hapa ndipo niliposhika kichwa. Mteja wa TANESCO, shirika letu la umeme, anayepita wastani wa uniti 7,500 kwa mwezi anaingia kundi la T2, na bili ya kundi hilo ina mstari wa kVA, ndicho kipimo cha kilele chetu, pembeni ya mstari wa uniti. Jengo nililolihudumia miaka sita lilikuwa na viyoyozi vya ukutani kama sitini. Lilikuwa humo, hakuna ubishi. Bili yake sikuwahi kuiona hata siku moja. Ilikwenda kwa mhasibu, mhasibu akalipa, akasema umeme umepanda. Mimi nilipewa geji za gesi na ngazi.

Mfumo wetu wa kubana umeme ulikuwa mlinzi mmoja mzee. Saa moja jioni alizunguka nyuma ya jengo na tochi, anaweka kiganja mbele ya mashine ya nje moja baada ya nyingine. Ikipuliza joto, anajua kuna mtu kaondoka bila kuzima.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Ile ya tatu kutoka mwisho inaunguruma kama ina mafua, kaitazame kesho."

Alikuwa hakosei. Yule mzee aliokoa uniti nyingi kuliko mabango yote ya "Zima kiyoyozi utokapo" tuliyobandika. Ila kilele hakukigusa, wala asingeweza, maana kilele chetu kilikuwa kinatokea mchana yeye akiwa hajaja zamu.

Nimekaa nikafikiri kilikuwa kinatokea lini, na jibu ninalo. Umeme unakatika saa nne. Jenereta inabeba taa na kompyuta, viyoyozi havimo. Saa sita umeme unarudi, viyoyozi sitini vinajiwasha vyenyewe, na kila mtu aliyekuwa anaoka kwa saa mbili anachukua rimoti na kuishusha hadi 16. Tulizoea kulaumu ule mshtuko wa kuwaka. Mshtuko ni wa sekunde, na mita inahesabu wastani, haiusikii sana. Kinachouma ni nusu saa inayofuata, kompresa sitini zinakimbia bila kupumzika kwa sababu jengo zima limechemka. Kwa hiyo hata vile vichelewesho vya dakika tatu tulivyokuwa tunafunga vililinda kompresa, bili havikuisaidia kitu. Ilitakiwa ghorofa zipishane dakika 20 au nusu saa.

Na hiyo 16 ni ushirikina. Kiyoyozi cha zamani kisicho cha inveta kinawaka au kinazimika, hakina gia ya katikati, hivyo 16 haikipoezi chumba haraka kuliko 24. Inachofanya ni kukinyima kompresa nafasi ya kupumzika.

Tena kwetu tunapimwa kwa kVA, na hapo tuna mzigo ambao huku wanaupima kando. Paneli ya kapasita, ile inayopunguza mkondo ambao jengo linavuta kupitia mita, ikifa, jengo linavuta mkondo mkubwa zaidi kwa kazi ile ile. Uniti hazibadiliki, kVA inapanda. Nakumbuka paneli yetu ilikuwa na taa tatu zisizowaka, ikageuzwa mahali pa kutundikia makoti ya mvua. Joto letu nalo halina likizo. Huku kilele ni cha miezi michache wanayoilipia mwaka mzima. Kwetu nafasi ya kujiharibia inarudi kila mwezi.

Ndiyo maana huwa sikubaliani na wanaosema tukitaka kubana umeme tununue mitambo ya kisasa. Inveta zimejaa nyumbani. Mashine alizonazo mwenzangu niliyemwachia lile jengo si mbaya kuliko ninazofungua huku. Kilichonifundisha kazi huku ni bili kuwekewa mezani pangu, na kidole juu ya namba. Nyumbani fundi na mhasibu wanakutana kwenye lifti tu.

Huyo mwenzangu nilimsumbua miezi miwili aombe aione bili. Mara ya kwanza mhasibu alimuuliza anataka kuifanyia nini. Mara ya tatu akampa nakala, naye mwenzangu akaipiga picha akanitumia. Mstari wa kVA wa Januari ulikuwa umezidi miezi mingine waziwazi. Tukafungua daftari la jenereta, tukakuta siku umeme ulirudi saa sita mchana.

Nikampangia: ukirudi, anza na chumba cha seva na mapokezi, kisha ghorofa ya juu inayopigwa na paa, zingine zifuate kwa nusu saa nusu saa.

"Sawa kaka. Na ya mwisho kabisa ni ipi?"

"Ya pili. Ina watu wachache, tena iko upande wa kivuli."

Akakaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekata.

"Kaka," akasema, "ya pili ndiko anakokaa mkurugenzi."