Ng'ombe wa uani anabebeshwa mzigo usio wake

Pakizungumzwa nyama na afya, takwimu moja haikosekani: maradhi 6 kati ya 10 ya kuambukiza yanayompata binaadamu yana uhusiano na wanyama. Hapa Unguja na Pemba hutajwa ili anyooshewe kidole mfugaji mwenye ng'ombe wawili watatu nyuma ya nyumba. Takwimu ni ya kweli, lakini inabebeshwa maana isiyokuwa nayo.

Ilitokana na orodha iliyochapishwa mwaka 2001. Zilihesabiwa aina 1,415 za vimelea vinavyomdhuru binaadamu, na 868 kati yake zikaonekana hupita baina ya mnyama na mtu. Kilichohesabiwa ni aina, si wagonjwa. Mnyoo uliowapata watu wawili duniani umeandikwa mstari mmoja, sawasawa na kirusi cha mafua. Tena "mnyama" humo ni popo, panya, nyani, mbwa, wote. Mwaka 2008 ukatoka uchambuzi wa matukio 335 ya kuzuka maradhi mapya, kuanzia 1940 hadi 2004. Katika yale yaliyotoka kwa wanyama, zaidi ya 7 kati ya 10 yalitoka kwa wanyama wa mwituni. Virusi vilivyoleta janga la ukimwi vilitoka kwa sokwe wa kusini mashariki mwa Cameroon, si zizini.

Husemwa pia kwamba ng'ombe ndiye aliyetupa surua, kifua kikuu na tegu. Surua ni kweli ina undugu na sotoka ya ng'ombe. Lakini kirusi chake hakidumu penye watu wachache. Kinahitaji mji wa watu laki mbili na nusu hivi, ili kila siku kipate mtoto asiyewahi kuugua. Ng'ombe alitoa mbegu, mji ndio ulioiotesha. Kifua kikuu kilidhaniwa miaka mingi kuwa tumekitoa kwa ng'ombe, hadi jeni zilipoonesha kwamba kimelea cha binaadamu hakikuzaliwa na kile cha ng'ombe. Na tegu, yule mnyoo wa tumboni? Ushahidi unaelekea kwamba wazee wetu Afrika walikuwa naye kabla hawajafuga, na sisi ndio tuliompa ng'ombe.

Hadi leo tunampa. Mtu akijisaidia kichakani, mayai ya tegu yanabaki kwenye majani, majani yanakatwa kulishia. Mkaguzi anayepasua misuli ya taya, ulimi na moyo anatafuta vijifuko vyeupe vya tegu mchanga, vikubwa kidogo kuliko punje ya mchele. Vikimpita, mishkaki iliyoungua nje na kubaki nyekundu ndani inamrudishia mtu tegu wake. Dawa ya hapo ni choo, ukaguzi na moto, wala si kufukuza ng'ombe mjini.

Wanaohofia mabanda makubwa wana hoja nzito, na siipunguzi. Mwaka 1997 mafua ya ndege yaliwapata watu 18 Hong Kong, wakafa 6. Maelfu ya kuku wa umri mmoja na mbegu moja chini ya paa moja ni kuni kavu: kirusi hakikutani na kuku wa kukizuia. Lakini hilo ni suala la msongamano, halimhusu mwenye ng'ombe wawili.

Hatari ya ng'ombe wetu imo kwenye maziwa mabichi, na haizungumzwi vya kutosha. Ugonjwa unaomfanya ng'ombe atupe mimba (brusela) humfikia mtu kwa kunywa maziwa yasiyochemshwa au kushika kondo la nyuma kwa mikono mitupu. Homa huja na kuondoka, viungo vinauma, tiba huchukua wiki 6. Visiwani malaria imeshuka chini ya mtu 1 kati ya 100, kwa hiyo homa isiyoonekana kwenye kipimo cha malaria inastahili swali la maziwa.

Wengi hawachemshi kwa sababu maziwa yaliyochemshwa hayagandi yenyewe, na uchachu wa mtindi hudhaniwa unatosha kuua. Hautoshi. Moto unaua vijidudu vibaya pamoja na vile vinavyogandisha, basi lazima urudishe mbegu. Chemsha mpaka yatokote huku ukikoroga, yafunike, yaache yapoe hadi kidole kistahamili bila kuungua. Kwa kila lita 1 tia vijiko 2 vya mtindi wa jana uliotokana na maziwa yaliyochemshwa. Ukitia yakiwa moto mno mbegu inakufa, na kesho utakuta maziwa yale yale, hayajaganda.