Kabla ya dripu ya pili, inua miguu ya mgonjwa

Presha ya mgonjwa mahututi ikishuka, mikono yetu wodini hukimbilia dripu. Inaisha chupa ya kwanza, inatundikwa ya pili, na ndugu waliosimama mlangoni wanapumua kidogo wakiona maji yanashuka. Naelewa. Lakini mazoea haya yanaua, na ushahidi umetoka kwa watoto wetu wenyewe.

Utafiti wa FEAST, uliochapishwa mwaka 2011, ulifuatilia watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania waliofika hospitalini na homa kali huku mzunguko wao wa damu ukiwa dhaifu. Waliomiminiwa maji mengi kwa haraka walifariki zaidi ya asilimia 10 ndani ya saa 48. Ambao hawakumiminiwa, asilimia 7.3. (Wenye kuharisha hawakuwemo; mtoto aliyekaushwa na kipindupindu anahitaji maji, tena upesi.)

Maji humfaa mgonjwa pale tu moyo unapoyapokea na kusukuma damu zaidi. Kwa wagonjwa mahututi, ni takriban nusu tu ambao moyo wao huitikia hivyo. Kwa wengine yanavujia mapafuni, na pumzi inazidi kuwa nzito.

Kumtambua wa kumpa kunawezekana. Mgonjwa anakuwa ameegemea nusu-kukaa; unashusha upande wa kichwa hadi alale chali, unainua miguu nyuzi 45. Damu ya miguuni na tumboni, kama mililita 300, inarudi moyoni. Ni dripu ya majaribio isiyotoka kwenye chupa, na ukishusha miguu inarudi ilikotoka. Jibu huonekana ndani ya dakika moja hivi, kwa hiyo usiondoke kitandani. Kipimo bora ni altrasaundi ya moyo. Pasipo nayo, tazama tofauti kati ya namba ya juu na ya chini ya presha: ikipanuka wazi, moyo umeitikia. Isipopanuka, usihukumu kwa hilo peke yake. Rudi kwa mgonjwa, sikiliza mapafu, bonyeza kucha uone damu inachukua sekunde ngapi kurudi.

Ninachodai kwa hospitali za wilaya ni vitanda vinavyokunjika, mafunzo ya kipimo hiki kwa manesi, na nesi wa zamu ya usiku aruhusiwe kumpigia daktari na kumuuliza kabla ya kutundika chupa ya tatu: "Hii ya pili imemsaidia nini?"