Mwewe, upepo na mdomo wangu uliokuwa wazi

Jamani kuna raha huwezi kumweleza mtu akakuelewa, na kumsubiri mwewe aruke umpige picha ni mojawapo. Unakaa chini asubuhi nzima na lenzi ya 600mm, mikono inatetemeka, mbu wanakufaidi, na mwenyewe yuko juu huko kakuchunia kama mdaiwa aliyeona namba yako. Ila akifungua yale mabawa weee, unasahau hata kiuno!

Siku hiyo nilikuwa na mzee mmoja fundi kweli wa hizi mambo. Akanipa shule: mwewe huruka akiuelekea upepo, kwa hiyo kaa upepo uwe mgongoni kwako atakuja usoni, halafu kabla hajaruka mara nyingi anajisaidia kwanza apunguze uzito, ukiona kainama mbele na mkia unapanda basi kidole kwenye batani. Akaniachia upande mzuri, yeye akaenda upande wa pili wa mti, eti anataka kivuli.

Mwewe alikuwa ananiangalia mimi kabisa, jicho la njano, kucha zimeshika tawi hadi gome linabanduka. Mwanga safi. Shata, ile kasi ya kamera kunasa picha, nimeweka 1/2500 ya sekunde, najiona bingwa.

Upepo ukageuka.

Hivi hivi tu, bila taarifa, na mwewe naye akageuka na upepo wake, sasa natazamana na mkia. Kuhama siwezi maana yale macho si mchezo, ukijikuna tu kashakuona, nikaganda hapohapo jicho kwenye kamera na mdomo wazi (mimi nikifokasi lazima mdomo ufunguke, ndivyo nilivyoumbwa).

Akainama. Mkia huoo ukapanda. Moyo unadunda, nikabonyeza, kamera trrrrrrr!

Sasa kuna kitu mzee hakukisema. Mwewe hadondoshi chini kama njiwa, anarusha kwa nyuma, tena kwa presha, mstari mweupe mrefu umenyooka unakuja na mimi nauona unakuja na kidole hakitoki kwenye batani. Nusu ikaishia kwenye lenzi, nusu nyingine naomba msiniulize.

"Kijana, umempata?" mzee anapiga kelele kutoka kwenye kivuli chake.

Nikatema kwanza. "Hapana mzee, amenipata yeye!"

Yeye bwana kapata zote, mabawa wazi, kucha zimekunjwa, mwewe anamjia usoni. Mimi kufungua zangu, naona fokasi ya kamera imeacha ndege ikafuata kilichokuwa karibu. Mwewe ukungu mtupu. Ila ule mzigo sasa, uko angani umeganda, tone moja moja unaweza kulihesabu, hadi kidoti cheusi katikati kinaonekana.

Mzee akaichukua kamera, akakuza picha, akakaa kimya muda mrefu huku mabega yanatikisika.

"Fokasi umepiga vizuri lakini. Nitumie na mimi."